Nilivyoiambia Korti Kwamba Wewe Ndiye Uliyenioa

Mpendwa Mama,

Naanza hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuita tangu siku uliponioa. Watu wa mbali wakisoma watashangaa, mwanamke kuoa mwanamke, lakini kwetu Kipsigis si ajabu. Mume wako alikufa mapema, hukujaliwa mtoto, na nyumba haiachwi izimike hivi hivi. Ulikuja kwetu na wazee, ukatoa ng'ombe, tukafungwa nyasi ya segutiet mikononi, nikawa mke wa nyumba yako. Nilipozaa Kiprono na Chebet, wakaitwa watoto wa marehemu mume wako. Ulinipenda kuliko hata mama aliyenizaa, na kunigombeza ulinigombeza pia, hasa nikichuma majani ya chai yaliyokomaa.

Nakuandikia nikiwa nimeganda. Nachuma chai, nakamua, nasonga ugali, na ndani ni kimya tu. Hata siku tulipokuzika hapa Merigi sikulia. Watu walisema nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu, sikuwa na kitu chochote.

Nakumbuka Jumapili zetu. Ulikuwa kiongozi wa akina mama kanisani na uliogopa kuvuliwa cheo. Tukikaribia geti unanivuta kando: "Wakiuliza, sema unanisaidia tu kazi ya nyumba. Hawa hawataelewa toloch yetu." Toloch ndiyo ndoa yetu, ile nguzo inayoegemezwa nyumba isianguke. Nami nikaitika, maana wewe ukishasema umesema. Basi tukaingia kanisani mama na msaidizi, tukatoka mama na msaidizi, tukafika nyumbani tukawa tulivyokuwa. Wakati mwingine tulicheka sana tukivua viatu.

Nakumbuka pia siku uliyonipeleka kituo cha chai, ukabadilisha namba ya mkulima tunayouzia majani ikawa kwa jina langu. Ulirudi ukiimba njia nzima. "Sasa hata nikifa wewe lala usingizi. Namba ni yako, shamba ni yako." Nilikuuliza kama tusiende kwanza kwa wakili Kericho. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Wakili ni ya watu wameua mtu! Sisi tumeua nani?" Ukanimiminia maziwa ya mursik, mazungumzo tukayamaliza hapo. Hapa kwetu wengi wanaamini hivyo hivyo, kwamba mwenye namba ya chai ndiye mwenye shamba.

Programu ya mazishi yako aliiandika Weldon, mtoto wa shemeji yako. Jina langu aliliweka mwisho kabisa, baada ya majirani: msaidizi wa nyumbani. Niliisoma nikaikunja. Niliona ni karatasi tu ya watu kujipepea jua likiwa kali. Na si ndivyo tulivyokuwa tumewaambia wenyewe?

Chai ilikuwa haijamaliza msimu Weldon alipokuja na mpima ardhi, mkononi ana karatasi yenye muhuri wa korti. Alikuwa amefungua kesi ya urithi, akasema hukuacha mke wala mtoto, yeye ndiye wa karibu. Barua ya chifu alikuwa nayo, na chifu aliandika alichoambiwa.

"Aunty, mimi sina ubaya na wewe," aliniambia. "Lakini hii shamba ni ya family. Wewe ulikuwa tu mboch ya kufanyia huyu mama kazi. Panga vile utatoka pole pole."

Nilimkaribisha chai. Akanywa, akaenda. Sikusikia hasira.

Nilienda kwa mzee wa mtaa, akanituma kwa chifu. Chifu akasema mambo ya korti humalizwa kortini. Pasta akaniombea. Nilizunguka hivyo mpaka mpima ardhi akarudi mara ya pili na vigingi, ndipo nikaenda Kericho. Wakili ni mama mmoja wa kutoka upande wa ziwa, anaongea polepole kama anayemlisha mtoto uji. Aliniambia, "Mama, hiyo namba ni ya majani. Title ndiyo ya udongo. Mngekuja akiwa hai angeandika wosia, ama mngeenda land board akuhamishie, na haya yote hayangekuwa."

Nikamwuliza basi mtu huenda kwa wakili lini. "Ng'ombe akiingia kwa mahindi ya jirani, enda kwa mzee wa mtaa," alisema. "Mkitukanana, chifu atawapatanisha. Lakini mtu akikufa na shamba iko kwa jina yake, ama ukiletewa karatasi ya korti, ama mtu akuambie uweke sahihi mahali huelewi, usizunguke. Kuja siku hiyo hiyo."

Aliweka pingamizi, akaomba korti ifute ile hati ya urithi aliyopewa Weldon. Akasema sheria inaijua ndoa yetu vizuri. Shida ilikuwa nani ataapa kwamba ilifanyika. Wazee walioshuhudia wote wamelala kaburini. Picha hatukupiga. Nilibaki mimi.

Siku ya kesi nusu ya kanisa ilikuja kusikiliza. Wakili wa Weldon akainua ile programu juu.

"Huyu msaidizi wa nyumbani ni nani?"

"Ni mimi."

"Kwa hivyo ulikuwa mfanyakazi."

"Hapana. Alinioa."

"Nani alikuoa?"

"Yeye. Alileta ng'ombe kwetu. Ni bwana yangu."

Watu wa nyuma wakacheka. Hakimu hakucheka, alikuwa anaandika. Mama, nisamehe, nilisema mbele yao kile ulichonikataza maisha yako yote. Nikasema yote, segutiet, ng'ombe, watoto, jinsi nilivyokuosha miguu ilipovimba. Hakuna aliyecheka tena. Nilishuka pale kizimbani bila kusikia uchungu wala raha.

Uamuzi bado. Wakili hajaniahidi kitu, na mimi nimeacha kumsumbua. Weldon tukikutana sokoni tunasalimiana.

Lakini Jumamosi iliyopita nilikuwa napepeta maharagwe nikasikia wimbo barabarani. Ni akina mama wa kanisa. Walikuja na sukari, unga, na leso mpya, vile huenda kwa mwanamke aliyefiwa na mumewe. Tulipokuzika hawakuwa wamekuja kwangu, kwani nani humpelekea msaidizi pole? Yule aliyechukua nafasi yako ya uongozi akanifunga leso mabegani.

"Pole sana, mama," akasema. "Hatukujua mjane ni wewe."

Hapo ndipo nililia, Mama. Nililia mpaka Chebet akatupa kikapu akaja mbio kutoka kwa chai, akidhani umekufa mara ya pili.

Pumzika sasa.

Mke wako.