Sauti Iliyokuliza

Osaka, Februari

Dada yangu mpendwa Mitsue,

Nisamehe, leo salamu zinatanguliwa na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Ile sauti iliyokuliza kwenye mchezo wetu, mchawi anapoimba hadi theluji inarudi mawinguni, si ya Tsukasa, nyota wetu. Ni yangu.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Mguu wa Mama unaendeleaje? Mimi mzima, na plamu zake za chumvi zilifika salama.

Ile riwaya ya uchawi tuliyosomeana utotoni, tangu tuanze kuiigiza, koo la Dada Tsukasa limeharibika. Kwenye ubeti wa juu hufumbua mdomo tu, nami huimba nikiwa peke yangu kwenye kijichumba cha maikrofoni nyuma ya pazia. Wanagenzi wenzangu wanadhani natumwa kupiga pasi mavazi. Hunitania: "We Panya, leo umekula? Mbona hata salamu yako haisikiki?"

Jumapili ni onyesho la Dada Tsukasa la kuaga jukwaa. Juzi aliniita, akanimenyea chungwa kama mtoto, akaniomba siku hiyo nisiimbe. Alisema amecheza nafasi za wanaume miaka kumi na sita katika kundi letu la wanawake watupu, hawezi kuaga kwa koo la mtu mwingine. Mwongozaji alipopata habari alinifokea: "Wewe mtoto, imba! Watu hawaji kusikiliza kikohozi." Nisipoimba, huenda nikafukuzwa, na unajua nimeliota jukwaa hili tangu nikiwa mdogo.

Dada, nimeamua kunyamaza. Ninachoogopa zaidi ni ukimya wa ukumbi sauti yake itakapokwaruza. Nyinyi wa chama cha mashabiki wake ndio huanzisha makofi, na wewe ndiwe kiongozi wenu. Msipoanza, ukumbi mzima husubiri. Najua desturi yenu ni kungoja wimbo uishe. Jumapili usingoje. Ukisikia sauti imepasuka, hiyo ndiyo yake mwenyewe. Piga makofi.

Msalimie Mama, mwambie nakula vizuri na nalala vizuri, ingawa la pili si kweli. Wenzako wakikuuliza mbona ulipiga mapema, waambie mikono ilikuponyoka. Mengine yazike moyoni mwako, Dada. Hata Mama asijue.

Mdogo wako akupendaye,
Wakana