Mmoja Anayebaki

Kambi ya Reli, Dodoma
Septemba 1910

Kwa kaka yangu Bartolomayo,

Shikamoo kaka. Kifua chako kimetulia? Shemeji Ruthu na watoto hawajambo? Mimi mzima, ugali napata, ila nusura nifukuzwe kambini kama mchawi. Tulia nikueleze.

Hapa tupo watu elfu mbili mia tano ishirini na mmoja. Mzungu wa reli anataka vikosi vilivyo sawa, tena hana msimamo: leo watu tisa tisa, kesho saba saba, keshokutwa kumi kumi. Kila tukigawanywa anabaki mmoja. Kwa kuwa niliandikishwa mwisho, nasimama mwisho, na anayebaki ni mimi. Watu wakaanza kusema nina nuksi, eti ndiyo maana kisima cha kambi kimekauka. Hakuna aliyetaka kula nami. Mnyapara akaniambia Jumamosi niondoke. Niliumia kaka, nisikufiche.

Nikakaa na kokoto, maana za reli haziishi, nikazigawa. Idadi yetu ukiigawa kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, mpaka kwa kumi, daima inabaki moja. Nikasonga mbele, kumi na moja, kumi na tatu, hadi vidole vikauma. Haigawanyiki kabisa! Jumamosi nikawaambia kosa ni la hesabu, nikitoka mstarini wataona. Nikatoka. Wakagawanyika tisa tisa, saba saba, kumi kumi, hakubaki mtu. Lo, kelele zilizopigwa! Wakasema si mnaona, ametoka na nuksi imetoka. Nilikuwa nimejichimbia kaburi mwenyewe.

Sikukubali. Nikarudi mstarini, nikamwomba Athuman atoke yeye. Huyu ndiye anayetuimbisha kazini, kambi nzima inampenda. Akatoka, wakagawanyika vilevile, hakubaki mtu. Nikawauliza kama Athuman naye ana nuksi. Athuman akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaapa kwamba mchana atakula na mimi. Mnyapara akaniambia nirudi kazini.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, kaka. Sasa nikwambie hasa kilichonifanya niandike. Mwaka ule mvua ilipokosekana, watu wa kwetu Chamwino walimwita mama yetu mchawi, nawe ukamfungia mlango. Nimempata. Yuko hapa mjini kwa mama mmoja aitwaye Zaitun, aliyemwokota njiani akiwa mgonjwa. Amekonda, lakini ulimi wake ni uleule. Mvua ilikosekana kwa wote. Yeye alikuwa mjane tu, hana wa kumtetea.

Namleta nyumbani mavuno yajayo, na tutaingia mchana watu wakituona. Mwenye neno atalisema mbele yangu. Lakini mlango nataka uufungue wewe. Kila nikienda kumwona anauliza kifua chako kinaendeleaje.

Nisalimie wote, na majirani uwasalimie kwa jina langu lote.

Mdogo wako,
Yoramu, mwana wa Zipora