Mgomba Katika Kaburi la Askari

Busia, upande wa Kenya

Dada yangu mkubwa Wakio,

Shikamoo. Lile goti limeacha kuvimba? Na mbuzi wa Shemeji bado wanakula nguo kwenye kamba? Mimi mzima, tena Mungu ananipenda kupita kiasi mpaka naona haya. Kaa chini kwanza. Mdogo wako, aliyeishia darasa la saba, ambaye ukoo mzima ulisema atakufa akichunga, leo ndiye mkubwa wa ofisi hapa Busia. Nina kiti cha kuzunguka. Nikitaka chai nagonga meza tu. Tangazia Voi yote.

Kazi yenyewe nilikueleza kwenye simu ukadhani nauza makaburi. Sivyo. Tunakusanya majina ya askari na wapagazi wa huku waliokufa katika vita vya wazungu, tuyatie kitabuni, ili wajukuu wanaotafuta ukoo wao wawapate. Mwenye ofisi ni Madam, Msamia aliyesoma mpaka vitabu vikamwogopa. Sheria yake ni moja: jina haliingii bila karatasi ya jeshi au kaburi.

Basi nikavuka mpaka, nikapanda bodaboda hadi Iyolwa, kule Tororo. Nikamkuta Bibi Athieno, ajuza mkali kama pilipili. Baba yake, Owor, alipelekwa vita vya pili huko Burma akamwacha tumboni, na hakurudi. Karatasi hana.

"Wewe nakuja kuandika baba yangu?" akaniuliza. "Andika. Iko hapa."

Akanionyesha kaburi nyuma ya nyumba, limefagiliwa vizuri. Nami na ujanja wangu wote, mtu niliyetembea dunia mpaka Namanga, nikapiga picha nikaandika: Owor, alifia Burma, amezikwa Iyolwa.

Madam akasoma, akavua miwani. "Wewe Mtaita, maiti ilitembea kwa miguu kutoka Burma?"

Nikarudi Iyolwa. Bibi akanicheka mpaka akakohoa. "Mwili nakujaje? Wazee nazika mgomba. Watu nalia, ng'ombe nachinjwa, mama nanyoa kichwa. Baba iko hapa."

Halafu akaacha kucheka. Tangu utotoni, akasema, majirani wanamwita binti wa mtoro, eti baba yake alikimbia vita akaoa hukohuko. "Mimi nataka jina yake kwa kitabu kabla sijakufa. Mtu natoroka, watu nalilia mgomba?"

Dada, hapo nikawa mtu wake.

Madam hakutaka kusikia. "Futa. Watu wanatafuta mifupa, si ndizi."

"Kwani kwenu Samia, mtu akifia mbali asipatikane, hamziki mgomba?"

Akaivua tena miwani. "Tunazika. Lakini kitabu si matanga."

"Basi andika kwamba ni mgomba, nao wasome. Huyu mtu alililiwa. Sifuti."

"Futa, ama uondoke."

"Sifuti leo, sifuti kesho, hata umlete askofu anishike mkono."

Akanitazama, akaona simba. Ndipo akanipa ukubwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Nikanunua saruji, nikaenda kulisakafia lile kaburi, na kabla halijakauka nikachora kwa msumari: OWOR. ASKARI. ALIKUFA VITANI. Herufi zangu unazijua, zinaegemeana kama walevi. Majirani wakaja kuchungulia. Mmoja akauliza ni nani aliyethibitisha.

"Serikali," Bibi akamjibu. "Huoni serikali nashika msumari?"

Nami nikakohoa kiserikali. Yule jirani akalisoma jina kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Bibi akamwambia arudie. Akarudia.

Nisalimie Shemeji, mfuga mbuzi wa shetani. Nisalimie Mama Mdogo wa kwaya, mwambie sauti yake naisikia mpaka huku upepo ukiwa mzuri, na Mjomba fundi viatu, ambaye bado ana kiatu changu kimoja. Wapwa zangu wabusu vichwani hata kama hawajaoga. Mungu awafunike wote.

Ni mimi mdogo wako, fahari ya Voi,
Mghanga

Dada, nimeshatia sahihi lakini roho inakataa kufunga bahasha. Usitangaze kitu. Sikupewa ukubwa wowote. Nilifukuzwa palepale, jina akalifuta Madam kwa mkono wake, na sasa napakua magunia ya mahindi mpakani.