Walizifuta Picha za Ezron

Isansa,
S.L.P. 40,
Mbozi.
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Enesi,

Bwana asifiwe. Habari za Tanga? Shemeji na watoto wanaendeleaje, na mguu wako umeacha kuvimba? Sisi huku ni wazima, ila baridi ya mwezi huu inauma, na kahawa imeiva kwa mkupuo hata wachumaji hawatoshi.

Hukuweza kufika kwenye kuanua matanga ya mume wangu Ezron, wala sikulaumu. Kwenye simu nilikuambia yameisha salama kwa sababu nilikuwa nimezungukwa na watu. Hayakuisha salama.

Unajua kwetu siku ile nyumba husafishwa yote. Wanawake wa upande wa mume ndio wanaosafisha, mjane anakaa nje mkekani bila kushika kitu. Kila chenye vumbi la msiba kinapitishwa maji. Basi wifi Ferista aliingia sebuleni na ndoo, akakuta picha za Ezron ukutani. Rangi za maji, Enesi. Alizifuta kwa kitambaa kilicholowa, moja baada ya nyingine, kama mtu anavyofuta kioo.

Madereva wakipika ugali chini ya tela kwenye foleni ya Tunduma. Wanawake wakiosha kahawa. Yule mama mchoma mahindi wa Nanyala. Zote nilikuwepo akizichora, nimemshikia kopo la maji. Alikuwa akiniambia nyeupe haipakwi, nyeupe unaiacha. Moshi wa yule mama ulikuwa karatasi tupu tu, lakini ukiutazama macho yanawasha. Sasa zote zina rangi moja, ya tope.

Ferista alitoka akinionyesha kitambaa. “Wifi, rangi gani hii inaogopa maji? Kaka alidanganywa dukani.” Watu wakacheka. Nikamwambia ndivyo zilivyo. Akanijibu, “Karatasi tu hizo, wifi, usituongezee msiba.”

Kitambaa ningekisamehe, maana hakujua. Hilo neno “karatasi tu” ndilo limenikaa kooni. Mtu amekaa juani miaka yote akiwatazama watu kwa upendo, dada yake wa tumbo moja anasema karatasi tu.

Jioni wakagawa vitu vya marehemu. Kisanduku cha rangi nacho kikawekwa pamoja na makoti, Ferista akakitaka kwa ajili ya mjukuu wake. Mjane hadai kitu siku ile, nami sikudai. Nilikichukua nikakipakata. “Wifi, hicho ni cha ukoo,” akasema. Nikazidi kupakata, mpaka wakachoka wakaendelea na makoti.

Wiki iliyofuata nilikwenda nacho Nanyala, nikakaa kando ya lami nianze kuchora. Wauza parachichi wakadhani nimetumwa kuwaandika wanaotakiwa kuhama kupisha upanuzi wa barabara. Mmoja akabeba meza yake. “Mama, andika kwamba tunahama wenyewe.” Nilipomwonyesha karatasi akaitazama sana, kisha akasema, “Ndiyo mimi huyu? Mbona umeninenepesha?” Ni kweli, mkono wangu bado mzito. Lakini alirudisha meza, akakaa vizuri nimmalizie.

Ferista sasa anawaambia akina mama wa kanisani kwamba mwaka wa msiba haujaisha na mjane anashinda barabarani na rangi. Amekuja mara mbili kukidai kisanduku. Sitoi.

Ninalo ombi. Ile picha Ezron aliyokuchora ulipokuja mwaka juzi, ukipepeta maharage mlangoni, ndiyo pekee ya mkono wake iliyobaki. Usiifute hata vumbi. Usiitume kwa basi wala kwa mtu. Mguu ukipona uje nayo mwenyewe, tuiweke pale ukutani palipobaki misumari. Nitamwita Ferista aje aione. Atanawa mikono, ataikausha vizuri, ndipo nitamfungulia mlango.

Nisalimie shemeji Ombeni, na wanangu Lusungu na Tusekile. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, akuponye mguu upesi.

Mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Tabita