Derrick Asiguse Mpira

Mama Derrick,

Mtoto ameumia ubongo. Jana kwenye mechi aligongana vichwa na beki. Leo asubuhi ametapika chai yote, kisha akaniuliza kwa nini hatuko kwenye nyumba ya Suwaidi. Tulihama kutoka huko Riyadh akiwa darasa la nne!

Daktari amempiga picha. Damu hakuna, ila ubongo umetikisika. Alale gizani. Simu yake nimeificha kwenye ndoo ya unga. Akitapika tena, au akiwa mgumu kuamka, mkimbize hospitali, usiningoje. Nampeleka bosi Riyadh. Nilimwomba ruhusa, akasema mafi, hakuna.

Kosa ni la kaka yako Gilbert, huyo kocha. Alimmwagia maji baridi kichwani akamrudisha uwanjani, kwa sababu Josphat, mchezaji wetu wa akiba, alikuwa ameitwa na madam wake ampeleke sokoni Balad. Nilipopiga kelele akanijibu, "Shemeji, huyu ni mwanaume, si yai."

~~Gilbert asikanyage hapa.~~

Akija mfungulie. Ukienda kazi ya jioni lazima mtu abaki na mtoto.

Uji uko kwenye chupa ya chai.

Tulishinda bao moja. Derrick ndiye alifunga, baada ya kugongwa, bao lake la kwanza tangu aanze kucheza na wakubwa. Sasa mtihani wa kesho hafanyi. Mpira hagusi mpaka daktari aseme. Na bao lenyewe halikumbuki. Nimemsimulia tangu asubuhi, na kila nikimaliza ananiuliza nani alifunga.

Baba Derrick