Mzee wa Kwenye Kopo

4 Machi

Binti yangu,

Mimi baba yako nina miaka sabini na tisa. Nimezika mashine tatu za kusagia unga, mbwa sita, na madaktari wawili walioniambia niache kubeba magunia. Naandika kwa mkono wangu, darasa la tatu linanitosha, usicheke mwandiko. Mimi mzima kama jiwe. Nyinyi je? Miguu ya mkwe wangu imepungua kuvimba?

Sasa habari. Wamekuja watu na kamera hapa mashineni kwangu. Mkubwa wao anavaa tai hata kwenye vumbi la unga, nami nimembatiza Bwana Tai. Ndiye ananiletea kila Alhamisi pumba za mpunga na majani makavu nimsagie, chakula cha kuku, anasema. Aliponiona najitwisha gunia la kilo tisini peke yangu akasema, "Mzee, wewe unastahili kuonwa na nchi nzima!" Nikalibeba tena mara tatu, mpaka kamera ikashiba. Akauliza nguvu nazitoa wapi. Nikalipiga gunia kofi: "Humu humu kwenye unga!" Wakacheka, wakanivisha kofia.

Mwambie mkwe wangu, mashine anayoisema inatoa unga wenye pumba ndiyo hiyo inapigwa picha. Miaka kumi na moja ananitania, na chekeche langu ni zima kabisa.

Barua nampa dereva wa lori la nafaka. Simu uliyoniletea iko kwenye kopo la misumari, usinitafute huko.

Baba yako


14 Machi

Baba, shikamoo.

Watoto wanakuamkia. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kliniki. Mwanzoni mwa wiki mgonjwa mwenzake na baba watoto alituonyesha simu. Nikaona gunia, nikaona kofia, nikakuona wewe. Chini wameandika: "Figo zake zilikufa. Madaktari walimkatia tamaa. Makopo manne tu ya Unga wa Uzima." Kisha sauti yako: "Humu humu kwenye unga!"

Baba, uliugua lini? Mbona ulituficha? Baba watoto hakulia daktari alipomwambia aanze mashine ya kusafisha damu. Kwa kukuona wewe, alilia. Akasema, "Mzee kaugua kimya kimya na kapona, mimi ni nani nikafungwe kwenye mashine?" Kliniki ameikataa, leo nimekuja peke yangu kumwombea siku nyingine. Vidonge vya presha ameacha, kwa sababu kopo alilonunua, lenye picha yako, linasema unga haupatani na dawa za hospitali. Anakunywa vijiko sita kwa siku, na anauliza wewe ulikunywa vingapi.

Nataka kuamini, Baba. Nijibu upesi, dereva anafika kwako Jumatatu.

Binti yako


17 Machi

Binti yangu,

Salamu baadaye. Sijaugua figo. Sijui hata zinakaa upande gani. Mimi niliugua surua na jino, basi.

Hicho anachokunywa mumeo nimekisaga mimi! Pumba magunia mawili, majani gunia moja, na rangi ya kijani Bwana Tai anaitia mwenyewe kwa ndoo. Nimemsagia nikijua ni cha kuku. Amwage leo. Arudi kwenye vidonge, aende kwenye hiyo mashine. Mimi nimeishi na mashine miaka hamsini na miwili, haijaning'ata.

Nimesema.

Baba yako


20 Machi

Baba, shikamoo.

Nimemsomea barua yako mara mbili. Anasema, "Mzee anaona aibu. Namjua huyo, kujisifu ndiyo kazi yake, hawezi kukubali kwamba aliwahi kulala kitandani hata siku moja." Na ni kweli hukubali, Baba. Na gunia ni lako, sauti ni yako.

Uso umemvimba. Akilala chali pumzi inakatika, kwa hiyo analala ameketi, mgongo kwenye kabati. Daktari anasema hatuhesabu tena wiki, tunahesabu siku.

Maisha yako yote umejisifu, tukacheka. Sasa nahitaji mtu mmoja akuamini. Sijui utafanyaje. Fanya.

Binti yako


21 Machi

Mkwe wangu,

Simu nimeitoa kwenye misumari, haiwaki. Dereva nimemwambia asizime lori, naandikia juu ya gunia.

Chukua kopo. Mwaga unga kwenye karatasi nyeupe, penye jua. Rangi usiitazame. Papasa kwa kidole gumba. Utakuta vipande vya pumba, vyembamba, urefu wa punje ya mchele, vina ncha. Unavijua. Vilikuchoma ufizi siku ulipokuja kuposa. Ulinyamaza kwa adabu, na adabu ilipokuishia ukanitania miaka kumi na moja.

Chekeche langu limetoboka.

Haya, nimeandika. Lilitobolewa na msumari mwaka ule ule ulipokuja kuposa, na nililiona siku ile ile. Tundu linapitisha kidole cha mwisho. Sikulibadilisha kwa sababu kabla sijaagiza jingine wewe ulikwisha kulisema, na mimi siambiwi kazi yangu na mtu aliyekuja kuomba mke. Marehemu mama mkwe wako alijua, akaondoka na siri yangu. Hapa mjini hakuna mashine nyingine inayotoa pumba ya namna hiyo. Dereva ana kifuko cha unga wa kwangu, linganisha.

Ugonjwa ningeweza kukuficha. Hili nisingelisema hata kwa kiboko. Nimelisema ili uvae viatu uende hospitali.

Baba mkwe wako


2 Aprili

Baba, shikamoo.

Unisamehe kwa kimya, hata kalamu nilisahau ilipo.

Alimwaga unga kwenye karatasi, dirishani. Akamwaga na wako pembeni. Alipapasa huku, akapapasa kule. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa: "Mzee amekiri! Mama watoto, dunia inaisha, nipe viatu."

Walimlaza mchana ule ule. Siku tatu hatukujua angeamkia upande gani. Sasa anakwenda kwenye mashine mara mbili kwa wiki. Daktari hakutuficha kitu: figo hazirudi. Lakini analala chali, Baba, na amenigombeza jana kwa sababu ya chumvi.

Yule mwenzake aliyetuonyesha simu, nafasi yake kwenye benchi iko wazi. Alikuwa amefika kopo la saba. Na picha yako bado inazunguka.

Binti yako


13 Aprili

Binti yangu,

Nimesoma habari za lile benchi, nikalifungua chekeche, nikalitia kwapani, nikaenda ukumbini ambako Bwana Tai anauza. Picha yangu iko ukutani, kubwa kuliko mlango. Aliponiona akafurahi, masikini. "Huyu hapa Mzee mwenyewe! Mpigieni makofi!" Wakapiga. Nikangoja yaishe, maana makofi ni makofi.

Nikasema, "Sijaugua figo hata siku moja. Huo unga nimeusaga mimi." Nikainua chekeche juu, nikapenyeza kidole kwenye tundu, nikakichezesha wote wakione. "Pumba za kwenye makopo yenu zimepita hapa. Papaseni." Mama mmoja aliyekuja na mwanawe mgonjwa akafungua kopo, akapapasa. Wa pili akafungua. Ukumbi mzima nikasikia vifuniko tu.

Bwana Tai akasema, "Mzee, uzee umekuchanganya." Nikamnyooshea kijiko: "Kula sita, kama wanavyokula hawa." Hakula hata kimoja. Lakini si wote walioniamini. Baba mmoja aliondoka na makopo yake kifuani kama mtoto, nikamfuata hadi barabarani, hakugeuka. Huyo ninamkumbuka kila siku. Bwana Tai simsagii tena, na chakula cha kuku wangu nakisaga mbele ya kuku.

Nimefunga chekeche jipya. Dereva anakuleteeni kilo tano za kwanza.

Asiyeamini haya amuulize dereva, alisimama mlangoni. Amuulize yule mama wa kopo, anauza vitambaa mkabala na ukumbi. Na shahidi wangu mkubwa ni mkwe wangu. Aupapase huo unga mpya punje kwa punje, na akikosa pumba aseme kwa sauti, watoto wasikie, kwamba mzee analo chekeche zima.

Baba yako