Omba Kabla Ndizi Hazijafungwa

Mjukuu wangu Asimwe,

Hapa Buhembe hatujambo. Bibi yako anasema umenenepa pichani. Mimi nasema ni koti. Unauliza kama viza ya utalii ikiisha unaweza kukaa huko kimya tu.

Ujanani, mimi na binamu yangu Mutalemwa tulimtembelea shangazi kule Muleba, msimu wa senene, wale panzi watamu wa kukaanga, ukatukuta huko. Kwa ulafi wangu, niliomba mapema siku za kuongeza.

Shangazi akacheka. "Kaa, ila utanyonyoa senene mabawa."

Mutalemwa alisubiri hadi amefungiwa ndizi za safari na kuagwa, ndipo akajificha migombani ili abaki. Alisindikizwa hadi stendi, ndizi kichwani, senene wakimrukia.

Basi nenda uhamiaji kesho, ukaombe ukiwa bado mgeni wao. Wakikataa, rudi. Senene wamekaribia, na wanyonyoaji hatuna.

Babu yako, mlafi yuleyule